Kebo ya Umeme Uliyoisuka Mwenyewe: Kusoma Dalili Mpaka Kwenye Chanzo

Umekaza skrubu ya mwisho, umechomeka, na kabla ya muziki unasikia mvumo mzito kwenye spika. Au breka imeanguka na nyumba nzima ni giza. Au amplifaya imewaka vizuri, lakini ukiigusa pembeni vidole vinatekenywa. Wengi wakifika hapa huanza kuilaumu shaba, au kujuta kwamba hawakununua plagi ya bei kubwa zaidi. Mimi huanza kwingine. Kebo ya amplifaya ina nyaya tatu, na kila waya una ncha mbili. Hayo ni maungio sita. Shaba iliyo katikati ni nadra kuharibika. Karibu matatizo yote niliyokutana nayo kwenye kebo za kusuka nyumbani yalitoka kwenye mojawapo ya maungio hayo, na dalili ikisomwa kwa utulivu inakuonyesha ni lipi.

Kila ninapoandika "pima" au "fungua", plagi iwe imechomolewa na imelala mezani mbele ya macho yako. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Swichi nyingi za soketi hukata waya wa moto peke yake, na kama aliyefunga soketi alikosea, hata huo haukatwi.

Vipimo tisa kabla ya kuchomeka

Hata kama kebo imeshaleta shida, rudi hapa kwanza. Weka multimita kwenye mlio, yaani hali ambayo mita hulia ncha zake zikiwa zimeungana. Plagi ina pini tatu: moto (unaoleta umeme), nyutro (unaourudisha) na ethi (njia ya usalama ya kwenda ardhini). Upande wa pili, koneta inayoingia kwenye kifaa (mara nyingi ni ile ya C13) ina matundu matatu. Gusisha kila pini na kila tundu. Utapata vipimo tisa: vitatu vinatakiwa kulia, sita vinatakiwa kukaa kimya. Moto na moto, nyutro na nyutro, ethi na ethi. Mlio wowote mwingine maana yake kuna nyaya zimepishana au zinagusana, na kebo hiyo haigusi soketi mpaka ifunguliwe.

Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni la kupishanisha kushoto na kulia. Unaangalia mchoro unaoonyesha koneta kwa mbele, kisha unaigeuza ili ufunge skrubu kwa nyuma, na hapo kushoto kumeshakuwa kulia. Usifuate mchoro. Fuata herufi zilizochongwa kando ya kila skrubu: L ni moto, N ni nyutro, na alama ya mistari inayopungua kuelekea chini ni ethi. Kama huzioni, washa tochi na uilaze pembeni ili mwanga upite juu ya plastiki, herufi zitajitokeza.

Rangi nazo zina mtego wake. Kwenye kebo nyingi za leo kahawia ni moto, bluu ni nyutro, na kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Kebo za Marekani hutumia nyeusi kwa moto, nyeupe kwa nyutro na kijani kwa ethi. Kebo za zamani za Uingereza zilikuwa nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Tazama hiyo nyeusi: kwa huyu ni moto, kwa yule ni nyutro. Ukiokota kipande cha kebo usichojua kilikotoka, usiamini rangi, amini mita.

Kuna jambo moja ambalo mlio hauwezi kukuambia. Mita nyingi hulia hata ukinzani ukiwa omu 20 au 30, na ungio la namna hiyo ni bovu kabisa. Kwa hiyo baada ya mlio, hamia kwenye omu. Gusanisha ncha mbili za mita zenyewe, usome kinachotokea, labda 0.2, kisha kitoe kwenye kila kipimo. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa takriban omu 13 kwa kilomita moja, hivyo mita mbili za kebo zinatakiwa zibakize kiasi cha omu 0.03, ambacho mita ya kawaida itakionyesha kama sifuri. Ikibaki nusu omu, usitafute maelezo mengine: kuna skrubu haijakaza, au fyuzi ya plagi haijakaa vizuri kwenye vibanio vyake.

Hata omu zina upofu wao. Waya nyumbufu wa milimita mraba 1.5 kwa kawaida una nyuzi 30, kila uzi ukiwa na unene wa robo milimita. Kama uzi mmoja tu ndio umebanwa na skrubu na nyingine zote zimepita pembeni, mita bado itasoma sifuri, kwa sababu milimita chache za uzi mmoja hazina ukinzani unaoonekana. Amplifaya ikianza kuvuta umeme, ndipo uzi huo utakapochemka. Ndiyo maana kipimo cha mwisho ni cha mkono: kabla ya kufunga kifuniko, shika kila waya na uuvute kwa nguvu kama unang'oa jani bichi. Ukitoka, shukuru umetoka sasa. Kisha rudisha mita kwenye mlio, itikise kebo shingoni kote kuwili, na usikilize kama mlio unakatika.

Kifaa hakiwaki kabisa

Hili ni jepesi na mara nyingi si la kutisha. Anza na fyuzi ya plagi, kama plagi yako ina fyuzi. Halafu angalia kama koneta imeingia mpaka mwisho. Koneta nyingi za kufungua na kufunga ni ngumu zikiwa mpya na huacha milimita mbili tatu nje. Ikiwa vyote viko sawa, fungua uangalie kama skrubu imebana shaba au imebana ganda. Waya uliomenywa kidogo mno huingia chini ya skrubu ukiwa bado na ganda lake. Kwa macho umekaza, lakini chuma kinauma plastiki. Menya milimita 6 hadi 8, au urefu unaoonyeshwa kwenye plagi yenyewe, ili shaba ijae tundu na ganda liishie pale pale mlangoni.

Breka inaanguka

Usiharakishe kurudisha breka juu. Jiulize ilianguka lini hasa, maana wakati wenyewe ni nusu ya jibu.

Ilianguka mara tu ulipochomeka kebo, hata kabla ya kuunganisha kifaa? Moto unagusa nyutro, au moto unagusa ethi. Karibu kila mara ni uzi mmoja wa shaba uliochomoza pembeni ya tundu lake ukamfikia jirani. Nyuzi hizi ni nyembamba na hujificha chini ya mkunjo wa waya. Zizungushe nyuzi zote kwa vidole kabla ya kuziingiza, au bora zaidi vika feruli, yaani kale kamrija kadogo ka chuma kenye kola ya plastiki, ukakabane kwa koleo lake. Nyuzi zote 30 zinakuwa kitu kimoja na hakuna wa kutoroka.

Haianguki ukichomeka, inaanguka unapowasha amplifaya? Kama nyumba ina kile kikata umeme kinachohisi mvujo, ambacho mafundi hukiita RCD, shuku kwamba nyutro na ethi zimepishana. RCD inalinganisha umeme unaokwenda kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30 kwa zile za kawaida za nyumbani, inakata. Umeme wa amplifaya yako ukirudi kupitia ethi, nyutro inaonekana tupu na RCD inafanya kazi yake. Sasa fikiria nyumba isiyo na RCD. Kosa hilo hilo halitaangusha chochote. Muziki utapiga, na mwili wa chuma wa amplifaya utakuwa umeunganishwa na nyutro badala ya ethi, bila dalili yoyote ila labda mvumo kidogo. Vipimo tisa vya mwanzo ndivyo vinavyolikamata, na ndiyo sababu nimevitanguliza.

Kuna hali moja inayochanganya hata mafundi: swichi ya soketi imezimwa, kebo imechomekwa tu, na RCD inaanguka mtu akiwasha pasi chumba kingine. Hapo nyutro na ethi zinagusana ndani ya plagi au koneta yako. Swichi imekata moto, lakini nyutro bado imeunganishwa, na sehemu ya umeme wa nyumba inapata njia fupi ya kwenda ardhini kupitia kebo yako. Mara nyingi chanzo ni kisu. Wakati wa kulichana ganda la nje, makali yalishuka mno yakagusa ganda la waya wa ndani. Likunje ganda la waya huo mahali lilipokatwa: kama kuna mchano, utafunguka kama mdomo. Kata sehemu hiyo yote uanze upya. Usiuzibe kwa selotepu.

Na kama breka ya kawaida inaanguka mara moja moja tu, sekunde ile unapowasha amplifaya kubwa, kisha ukirudisha inawaka vizuri, kebo inaweza kuwa haina hatia. Transfoma kubwa za duara hufyonza umeme mwingi kwa sehemu ndogo ya sekunde zinapowashwa. Rudisha kebo iliyokuja na kifaa, uwashe na kuzima mara kumi. Ikianguka pia, suala ni la breka na transfoma.

Mwili wa amplifaya unatekenya

Hapa sina subira. Zima kifaa, uchomoe, usikiguse tena mpaka umepima.

Kwenye kifaa chenye pini tatu, mtekenyo maana yake ethi haifiki. Ndani ya vifaa vingi kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele zilizofungwa kati ya moto na mwili, na kati ya nyutro na mwili. Ethi ikikatika, mwili unaning'inia katikati na kupata karibu nusu ya volti za umeme wa nyumba. Kwenye umeme wa volti 230, mita itasoma kama 110 au 115 kati ya mwili na ethi ya kweli. Umeme unaopita ni mdogo, ndiyo maana unatekenya tu. Hatari yenyewe ni nyingine: siku waya wa moto utakapolegea ndani ya kifaa na kugusa mwili, hakutakuwa na njia ya kuangusha breka isipokuwa wewe.

Pima ethi kutoka pini ya plagi hadi tundu la koneta, kisha kutoka pini ya plagi hadi kwenye skrubu iliyo wazi nyuma ya amplifaya, mahali pasipo na rangi. Kama yote yanasoma sifuri, kebo yako ni nzima na ethi ya nyumba ndiyo inayokosekana. Hapo kazi ni ya fundi umeme mwenye leseni, na muziki usubiri.

Fundi akipima umeme ukiwepo na mita ikisoma volti zote kamili kati ya mwili na ethi, moto umefika mwilini, mara nyingi kwa sababu moto na ethi vimepishana kwenye kebo au kwenye soketi. Hilo linaua. Ni kosa moja kati ya yote niliyoyataja ambalo halisamehe hata mara ya kwanza.

Vifaa vyenye tundu la umbo la nane, la pini mbili, viko peke yao. Vina ganda maradufu, alama yake ni mraba ndani ya mraba, na vimeundwa kufanya kazi bila ethi. Mtekenyo hafifu sana kwenye hivyo ni wa kawaida. Usijaribu kuvibadilishia tundu ili viingie kebo nene.

Mvumo kwenye spika

Mvumo ndio unaowafanya watu wengi wakate ethi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Anza kwa kuuliza mvumo unatoka wapi. Weka sikio karibu na amplifaya yenyewe. Kama chuma ndicho kinachonguruma na spika ziko kimya, hiyo ni transfoma. Huenda boliti yake imelegea, au kuna kifaa kingine nyumbani kinachoupinda umeme, kama kikausha nywele kilichowekwa nguvu nusu. Hakuna kebo itakayoponya hilo.

Kama ni spika, zima, kisha chomoa nyaya zote za ishara zinazoingia kwenye amplifaya, zile za RCA, acha za spika tu, uwashe tena. Mvumo ukibaki, uko ndani ya amplifaya, na mara nyingi ni kapasita kubwa zilizochoka. Sauti yake huwa ya juu kidogo, yenye ukakasi, kwa sababu ni mara mbili ya mzunguko wa umeme: hezi 100 palipo na hezi 50, au 120 palipo na 60. Mvumo ukiisha, una mzunguko wa ethi. Rudisha vifaa kimoja kimoja mpaka umpate mhusika. Usisahau runinga yenye kebo ya antena, maana antena huleta ethi yake kutoka mbali, na mara nyingi ndiyo inayofunga duara. Chomoa kebo ya antena tu. Kama mvumo unakatika hapo hapo, umeshampata.

Kinachotokea ni hiki. Vifaa viwili vimefungwa ethi, kila kimoja kwa kebo yake, na vimeunganishwa tena kwa wavu wa nje wa waya wa RCA. Duara limekamilika. Tofauti ndogo ya volti kati ya ethi mbili inasukuma umeme kwenye wavu huo, na kwa kuwa wavu huo huo ndio unaobeba upande mmoja wa muziki, amplifaya inaukuza mvumo pamoja na wimbo.

Kwa nini uanze siku ile ulipoweka kebo mpya? Kuna sababu mbili ninazozijua. Ya kwanza: kebo ya zamani ilikuwa na ethi iliyokatika bila wewe kujua, na yako imeirudisha. Kebo yako iko sahihi na mvumo ni ukweli uliokuwa umefichwa. Ya pili: ethi yako ina ungio legelege, lenye omu mbili tatu. Umeme mdogo unaovuja kwenye vichujio vya kifaa, ukikuta mlango huo mgumu, unageukia wavu wa RCA na kupitia kwenye kifaa cha jirani. Pima ethi kwa omu kama nilivyoeleza juu, ndipo ujue uko upande gani.

Kukata ethi kunaondoa mvumo, nakubali. Lakini kuanzia hapo amplifaya yako inategemea nyuzi nyembamba za waya wa RCA kuwa kinga yake, na hizo hazikutengenezwa kubeba umeme wa kuangusha breka. Njia zilizo salama zipo. Chomeka vifaa vyote kwenye ubao mmoja wa soketi, ili ethi zao zikutane sentimita chache tu kutoka zilipo. Tumia nyaya fupi za RCA. Zitenge mbali na kebo za umeme, na zikilazimika kukutana zipishane kama msalaba. Mvumo ukikataa kabisa, weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye njia ya ishara, au tumia muunganiko wa pini tatu wa XLR kama vifaa vyako vinao.

Wengine husuka kebo zenye wavu wa kinga kuzunguka nyaya tatu. Wavu huo ufungwe na ethi upande wa plagi tu. Upande wa koneta ukatwe nyuma na kufunikwa na mrija unaosinyaa kwa joto, kwa sababu ndani ya koneta nafasi ni finyu na nyuzi za wavu hutafuta skrubu ya moto kama maji yanavyotafuta bonde. Wavu usitumike kamwe mahali pa waya wa ethi. Vile viduara vya feraiti vinavyobanwa kwenye kebo vinapunguza kelele za masafa ya redio, za mamilioni ya hezi. Mbele ya mvumo wa hezi 50 ni mapambo.

Kukwaruza na kukatikakatika

Sauti ya tr-tr-tr, au muziki unaokatika mtu akipita karibu na rafu, ni ungio linalofunguka na kufunga. Zima mara moja, kwa sababu kila mkwaruzo ni cheche ndogo.

Chanzo nilichojifunza kwa gharama ni risasi ya kulehemu. Kwenye kebo zangu za mwanzo nilikuwa nazilehemu ncha za nyaya kwanza, zikawa ngumu na za kupendeza, kisha nazikaza kwenye skrubu. Kila kitu kilikwenda vizuri kwa miezi kadhaa. Halafu spika zikaanza kukwaruza usiku, amplifaya ikishapata moto. Nilipoifungua plagi, bisibisi ilizunguka karibu duara zima kabla haijapata kitu cha kushika. Ile ncha ya risasi ilikuwa imelala bapa chini ya skrubu, inang'aa kama sarafu, na ganda la waya wa moto lilikuwa limegeuka rangi ya chai kwa urefu wa kucha. Risasi ni laini. Ikigandamizwa muda mrefu hutiririka taratibu na kukimbia shinikizo, skrubu inabaki hewani. Tangu siku hiyo ni shaba tupu iliyosokotwa vizuri, au feruli. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Chanzo kingine ni waya mgumu wa uzi mmoja, ule wa kupitishwa ukutani. Kuna wanaousifu kwa sauti yake. Umetengenezwa kulala mahali pamoja maisha yake yote. Ukikunjwa kila mara unapovuta rafu, utavunjika ndani ya ganda, na nje hutaona kitu. Kwa kebo inayosogezwa tumia kebo nyumbufu. Alama ya H05VV-F 3G1.5 kwenye ganda inakuambia kila kitu: nyumbufu, nyaya tatu mojawapo ikiwa ethi, milimita mraba 1.5, volti 300 kati ya waya na ethi na 500 kati ya waya na waya.

Joto na harufu

Baada ya saa moja ya muziki, zima, chomoa, kisha gusa plagi na koneta kwa nyuma ya vidole. Uvuguvugu wa koneta unaotoka kwenye kifaa chenyewe ni wa kawaida. Ncha moja ya kebo kuwa moto na nyingine baridi si kawaida.

Hesabu yake ni fupi: joto ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Ungio lenye nusu omu, likipitiwa na ampea 5, linatoa wati 12.5. Hizo zinakaribia nguvu ya kilehemeo kidogo, na zimefungiwa ndani ya plastiki isiyo na hewa. Koneta ya C13 ya kawaida imepangiwa pini za kifaa zisizozidi nyuzi joto 70 za Selsiasi; ndiyo sababu kuna C15 yenye mfereji mmoja, kwa ajili ya vifaa vyenye tundu la moto hadi nyuzi 120.

Kama kebo yenyewe ndiyo inayopata moto kwa urefu wake wote, kwanza ikunjue. Kebo iliyoviringwa nyuma ya kabati haina pa kutolea joto. Kisha ishuku shaba. Kuna kebo zinazouzwa kama shaba ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Chukua uzi mmoja, ulaze mezani, uukwangue kwa ncha ya wembe chini ya mwanga. Wekundu wa nje ukitoka na ndani pakawa peupe, hiyo ni alumini. Uzi mweupe nje na mwekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati, na hiyo ni nzuri. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 ya shaba, hukatika haraka ikikunjwa, na hulegea chini ya skrubu. Usiifunge kwenye plagi hata kama ni nene kama kidole.

Fyuzi ya plagi nayo iangaliwe hapa. Kazi yake ni kuilinda kebo. Koneta ya C13 kwa kiwango cha kimataifa ni ya ampea 10, kwa hiyo fyuzi ya 13 inaiacha koneta bila mlinzi. Weka 10 au chini yake.

Koneta inachomoka yenyewe

Uzito. Kebo nene yenye wavu na mapambo ya kusukwa inaning'inia kwenye pini tatu zisizokusudiwa kubeba mzigo, inainama, na mguso unabaki upande mmoja. Ifunge kebo kwenye mguu wa rafu ili uzito uishie hapo. Ndani ya koneta, hakikisha kibanio kimeshika ganda la nje la kebo. Kikishika nyaya za ndani, kila mvuto utafika kwenye skrubu. Na waya wa ethi uache mrefu kidogo kuliko wenzake, ili siku kebo ikivutwa kwa nguvu, wa moto utangulie kutoka na ethi iwe ya mwisho. Kama kebo haiingii kwenye shingo ya plagi, badilisha kebo au plagi, usichonge plastiki.

Kila kitu kiko sawa, ila sauti haijabadilika

Hii nayo huletwa kama hitilafu, na anayeileta huwa ametumia jioni nzima mezani, kwa hiyo anastahili jibu la kweli. Amplifaya inayovuta wati 400 kwenye volti 230 inachukua kama ampea 1.7. Mita mbili za waya wa 1.5, kwenda na kurudi, zina omu 0.053. Volti zinazopotea njiani ni kama 0.09. Ukipanda hadi 2.5 zinapotea kama 0.055. Umeme wa nyumba wenyewe hupanda na kushuka kwa volti kadhaa ndani ya siku moja, na amplifaya iliyoundwa vizuri haijali. Kebo yenye maungio sita mazuri haiongezi chochote kwenye muziki. Kama ulisikia sauti ikisafika ulipobadilisha, nenda ukaifungue ile ya zamani: kuna uwezekano mkubwa ukakuta skrubu iliyolegea au fyuzi iliyofanya kutu.

Ukimaliza, andika tarehe kwenye kipande cha utepe shingoni mwa kebo. Baada ya mwezi mmoja chomoa, fungua kote kuwili, na ujaribu kila skrubu kwa bisibisi, maana shaba mpya hujipanga upya chini ya shinikizo na mara nyingi hukubali robo ya mzunguko zaidi.